Pickelhaube, kofia za ncha za Mjerumani: kagua matundu kwanza, bei baadaye

Mzee wa Gulio (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa rupia za Mjerumani kuna mdau aliuliza habari za kofia nyeusi zenye ncha juu, zile za kwenye picha za Bismarck na Kaiser Wilhelm II: bado zinapatikana? Zinauzwaje? Nikamwambia jambo hilo linataka uzi wake. Ndio huu.

Naishi Hannover, riziki yangu ni kuhamisha samani, na Jumapili nikiwa sina zamu nazunguka magulio ya vitu vya kale. Mkusanyiko wangu si wa kutisha, ila kofia nilizozishika, nikazigeuza na kuzirudisha mezani ni nyingi. Wazee wa Kijerumani wanaouza pale hawana hiyana wakishaona umekuja kujifunza.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane. Kofia ya askari wa kawaida wa miguu, ya ngozi, imechakaa lakini vipande vyake vyote vimezeeka pamoja, naipa heshima kuliko kofia ya ofisa inayometameta iliyoungwa kutoka kofia nne. Wanaoanza hukimbilia mng'ao, na wauzaji wanalijua hilo.

Historia kwa ufupi. Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, ule ufalme mkubwa wa Kijerumani wa zamani, aliipitisha kuwa kofia ya jeshi lake Oktoba 1842. Za mwanzo ni ndefu kama ndoo, na leo ukikuta moja halisi nje ya makumbusho una bahati kubwa au unatapeliwa. Zikaja toleo za 1857, 1860, 1867, 1871 na kuendelea, umbo likawa linapungua. Hoja ya ncha wakati ule ilikuwa kuufanya upanga wa mpanda farasi uteleze usipasue kichwa. Watu wa mizinga wa Prussia wao waliwekewa tufe badala ya ncha, kwa hiyo ukiona kofia ina mpira wa shaba juu usidhani imekatwa.

Nyingi utakazokutana nazo sokoni ni za toleo la 1895 na la 1915. Mwaka 1916 kofia ya chuma iliyobuniwa na Friedrich Schwerd, profesa wa hapa hapa Hannover, ikaanza kuvaliwa Verdun, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, na zama za ncha vitani zikafika ukingoni. Ngozi haizuii kipande cha bomu.

Ukaguzi wenyewe nauleta kwenye posti ifuatayo.

Kigoma Reli

Nimeshika kiti cha mbele. Ila mkuu picha ziko wapi? Uzi wa kofia bila picha ni chai bila sukari.

Mzee wa Gulio

Picha zinagoma kupanda, na nyingi si zangu. Nitaeleza kwa maneno mpaka uione.

Jambo la kwanza ukishika kofia: igeuze. Usiangalie beji ya mbele yenye ndege tai, usiangalie ncha. Angalia tumboni.

Mwili ni ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwenye kalibu na kupakwa vanishi nyeusi tabaka juu ya tabaka. Ukingo wa mbele na wa nyuma hushonewa kwenye mwili, na huo mshono ndio huanza kuachia ngozi ikikauka. Ndani ya kofia ya askari kuna bitana ya ngozi iliyokatwa vipande vipande mfano wa ndimi, kila ulimi una kitundu nchani, kamba inapita humo na kukazwa kulingana na kichwa. Kofia ya ofisa ina ukanda wa jasho wa ngozi laini na bitana ya hariri, na chini ya kingo zake kuna rangi: kijani mbele, nyekundu nyuma. Ukiuziwa "ofisa" ambaye chini ya kingo ni kweusi tupu, uliza maswali.

Ukiwa bado umeigeuza, tafuta mihuri. Kofia za serikali zilitoka bohari ya mavazi ya jeshi, na mhuri wake huanza na B.A., kisha namba ya kirumi ya kikosi kikuu, kisha mwaka. Kikosi cha X makao yake yalikuwa hapa Hannover, ndiyo maana kwetu huku B.A. X huonekana mara kwa mara. Rejimenti nayo iligonga mhuri wake, kwa mfano J.R. 74, rejimenti ya 74 ya askari wa miguu. Hiyo J ndiyo I, waliandika hivyo. Mhuri halisi wa wino umezama kwenye ngozi na umefifia bila mpangilio, sehemu inasomeka, sehemu imekwenda na jasho la mtu. Mhuri mweusi ti, herufi zote zinasomeka, kwenye kofia ambayo bitana yake imeoza, huo umezaliwa juzi.

Sasa matundu, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Beji ya mbele ya askari ina vishikizo viwili kwa nyuma vinavyopita kwenye matundu mawili ya ngozi na kubanwa kwa ndani. Ya ofisa hushikwa kwa skrubu na nati. Umbali kati ya matundu hayo haulingani kutoka dola hadi dola: beji ya Prussia ina yake, ya Saxony ina yake. Mtu akiondoa beji ya bei ndogo na kuweka ya bei kubwa, mara nyingi hulazimika kutoboa upya. Kwa hiyo mwili wenye matundu mawili umetulia. Mwili wenye matundu manne una hadithi, na hadithi yenyewe si ile unayosimuliwa.

Nilishika moja ya namna hiyo kwenye gulio la kando ya mto Leine. Tai wa Prussia amekaa vizuri, kang'arishwa mpaka unajiona uso. Nikageuza: matundu manne, mawili yamezibwa kwa nta nyeusi, na pembezoni mwa yale mapya ngozi bado ni ya kahawia mbichi, haijapata hata vumbi la mwaka mmoja. Nikamwonyesha muuzaji. Akanijibu bila kupepesa kwamba hayo ni matundu ya hewa.

Matundu ya hewa yapo, ila yako kwenye shingo ya ncha, chini yake tu, na toleo la 1895 lina kijitundu chenye kifuniko cha kusogeza kwenye ule mstari wa shaba unaoshuka kisogoni. Nyuma ya tai hakuna pua inayopumua.

Kigoma Reli

😂😂 Matundu ya hewa nyuma ya tai. Wajerumani na dalali wa Kariakoo ni ndugu wa damu.

Dada Mchumi

Naomba ufafanuzi kwenye hizo beji. Mimi nilidhani ni tai tu. Hizo "dola" unazosema ni zipi?

Mzee wa Gulio

Ujerumani ya Kaiser iliundwa 1871 kwa kuunganisha falme na majimbo, na wakubwa miongoni mwao walibaki na alama zao. Prussia ina tai, kifuani ana herufi FR, na utepe umeandikwa "Mit Gott für König und Vaterland". Bavaria ina simba wawili wameshika ngao, chini "In Treue fest". Saxony ni nyota yenye ngao katikati. Württemberg "Furchtlos und trew", na hiyo trew ni tahajia yao ya zamani, usidhani fundi amekosea. Walinzi wa Kaiser wana tai mwenye nyota kifuani. Baadhi ya rejimenti zenye asili ya huku Hannover zina utepe wenye neno Waterloo kwa sababu babu zao walipigana huko, na kwa vile utepe huo unapandisha bei, unaghushiwa sana.

Kisha kuna kokadi, yale maduara ya bati yenye meno pembeni na rangi, yanayokaa ubavuni chini ya mkanda wa kidevu. Kuanzia Machi 1897 kila kofia ilipata ya pili: kulia nyeusi-nyeupe-nyekundu ya taifa zima, kushoto ya dola. Bavaria nyeupe na buluu, Saxony nyeupe na kijani, Württemberg nyeusi na nyekundu, Baden njano na nyekundu. Ukikuta simba wa Bavaria mbele na kokadi ya Saxony ubavuni, kuna mtu aliokoteza.

Kokadi huanguka na kupotea kirahisi, kwa hiyo kubadilishwa kokadi moja si dhambi ya kuua. Bei ishuke kidogo, basi. Beji kubadilishwa ni jambo jingine.

Mngoni Halisi

Mzee wa Gulio, nakuheshimu na uzi una madini. Lakini nina dukuduku. Mimi ni mtu wa Songea. Tarehe 27 Februari kila mwaka tunawakumbuka wazee wetu walionyongwa mwaka 1906 na hao hao Wajerumani. Wewe unawekea kabati la kioo kofia zao na kuzipangusa vumbi. Hainiingii.

Mzee wa Gulio

Mngoni, hoja yako nzito na siikwepi. Siweki kofia kwa mahaba na Kaiser. Nina swali ambalo huwa nawauliza wazee wa gulioni pale: babu yako alikuwa wapi 1905? Wengi hawajui kwamba kulikuwa na vita ya Majimaji. Wanaijua Verdun, hawajui Kilwa wala Peramiho. Kofia mezani hunipa mlango wa kuwaambia, na wananisikiliza kwa sababu nimeanza na mambo yao. Ukiona hiyo ni sababu dhaifu, una haki yako.

Mwalimu Mstaafu

Niongeze neno, kwa sababu nimefundisha historia na kosa hili nimelisahihisha kwenye daftari za wanafunzi kila mwaka. Kofia ya ngozi yenye ncha haikuwa vazi la jeshi la Kijerumani la huku. Askari waliopigana Majimaji upande wa Mjerumani, na baadaye chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck kuanzia 1914 hadi alipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, walivaa tarbushi yenye kitambaa cha kaki na pazia la kufunika shingo, na beji ya tai mbele. Wazungu wao walivaa kofia nyepesi za jua, au kofia pana ya felti ya kijivu iliyokunjwa upande mmoja, yenye utepe mweupe kwa Afrika Mashariki, buluu kwa Namibia, nyekundu kwa Kameruni.

Wachoraji wa vitabu vya watoto humchora Mjerumani wa Majimaji na mwiba kichwani. Kwa jua la Kilwa? Kofia nyeusi ya ngozi yenye vanishi? Angeiva kabla ya saa nne asubuhi.

Mzee wa Gulio

Mwalimu, shikamoo. Hiyo ndiyo nondo niliyokuwa naisubiri. Kwa mkusanyaji maana yake ni moja: mtu akikwambia ana Pickelhaube "iliyookotwa boma la Mjerumani Iringa", anza kwa kutoamini.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Na hao wa boma la Iringa ndio hao hao wenye ramani ya dhahabu iliyofukiwa chini ya mbuyu.

Mngoni Halisi

Nimekusoma mkuu. Sijakubali yote, ila hilo la kuwauliza babu zao walikuwa wapi nimelipenda. Endelea.

Bi Pangani

Jamani mimi mbona mnanivunja moyo. Nyumbani kwetu Pangani kuna kofia yenye ncha, ipo tangu enzi za babu mzaa mama, na familia nzima tunajua ni ya Mjerumani. Ncha ya dhahabu kabisa. Sasa Mwalimu anasema hazikuwepo. Kaka Mzee wa Gulio, unasemaje?

Mzee wa Gulio

Dada, usivunjike moyo, nijibu kwanza. Ni nyeusi au nyeupe? Nzito au nyepesi? Mbele kuna beji au matundu ya beji? Ukigonga kwa kucha inalia vipi? Na ndani kuna maandishi yoyote?

Bi Pangani

Nyeupe, imekuwa manjano kidogo. Nyepesi mno, ukiishika ni kama haipo. Imevikwa kitambaa kwa nje, na imezungushiwa vitambaa vya kukunjwa kunjwa kiunoni. Haina beji wala matundu mbele. Ukigonga hailii, inafanya pu. Kwa ndani ukingo una kitambaa cha kijani, na kuna kikaratasi kimeliwa, nasoma neno London tu. Ukingo wa nyuma ni mrefu, unafunika shingo.

Mzee wa Gulio

Hiyo ni ya Mwingereza, dada, na ni kitu kizuri. Ni kofia ya jua ya gamba la mti, huitwa Wolseley, na ncha ya rangi ya dhahabu huwekwa siku za sherehe. Ma-DC wa Kiingereza walivaa hivyo na sare nyeupe, kwenye gwaride la kuzaliwa Mfalme na mambo kama hayo. Siku za kawaida ncha ilifunguliwa, wakaweka kifungo tu. Jaribu kuizungusha taratibu, usitumie koleo.

Babu alifanya kazi gani?

Bi Pangani

Alikuwa mpishi wa DC Tanga! Mama amecheka mpaka amekaa chini nilipomsomea. Anasema bibi alikuwa akisema "ya Mzungu", sisi wajukuu ndio tuliomfanya Mzungu awe Mjerumani. Ncha imezunguka kaka, inatoka.

Mzee wa Gulio

Safi sana. Usiipake kitu chochote, usiifue kile kitambaa, na mwambie mama akuandikie aliyoyasikia kwa bibi, uweke karatasi hiyo pamoja na kofia. Kofia yenye jina la mtu na kazi yake inazidi kofia isiyo na mwenyewe, hata kama chuma chake ni duni.

Dada Mchumi

Nirudi sokoni. Kama vita ilikuwa huko Ulaya, kwa nini wauzaji wengi mtandaoni ninaowaona wapo Marekani na Uingereza?

Mzee wa Gulio

Kwa sababu kofia hizi zilikuwa zawadi pendwa ya vita. Mwingereza, Mkanada, Mwaustralia, kila mmoja alitaka arudi na moja. Wamarekani wengine walizituma posta vile vile zilivyo, anwani imeandikwa juu ya kofia.

Halafu kuna kisa cha 1919. Wamarekani waliposhika mji wa Koblenz, Ujerumani, baada ya vita walikuta bohari imejaa kofia ambazo hazijavaliwa na mtu. Kama 85,000 zikasafirishwa Marekani kusaidia kampeni ya mkopo wa ushindi, ambao serikali ilikopa kwa raia wake, waliofanya vizuri kuuza hati za mkopo huo wakazawadiwa kofia. New York, karibu na kituo cha Grand Central, wakajenga piramidi kwa kofia za Kijerumani katikati ya barabara. Ndiyo maana leo mjukuu wa karani wa benki Ohio anaweza kuwa na kofia mpya kabisa, bitana haijaguswa na jasho, na ikawa halisi. Kwa hiyo upya peke yake si ushahidi wa ufeki. Kinachokushtua ni upya usiolingana: ngozi ya kale na shaba ya jana, au kinyume chake.

Kofia za vita yenyewe, toleo la 1915, zina sura nyingine. Shaba ilihitajika kwa makombora, kwa hiyo beji na ncha ni za chuma cha rangi ya kijivu, na ncha inazungushwa na kutoka. Ngozi nayo ilikuwa adimu kwa sababu Mwingereza alifunga bahari na ngozi ya Amerika Kusini ikawa haifiki. Wakatengeneza kofia za felti, za bati, hata za nyuzi zilizobanwa kwa gundi. Wanaoanza huzidharau hizi za felti wakidhani ni za mchezo wa kuigiza. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Unashika kofia iliyotobolewa na nondo, ncha ya bati, mkanda wa ngozi mbovu, na unaiona dola kubwa inaishiwa malighafi mkononi mwako.

Kigoma Reli

Feki zinatoka wapi?

Mzee wa Gulio

Kuna ngazi. Ngazi ya chini ni za mapambo, nyingi zinatengenezwa India. Ngozi nene, inanuka dawa, shaba nyembamba ya njano kali, na ndani utakuta skrubu zenye kichwa cha msalaba, wakati skrubu hizo zilianza kuenea miaka ya 1930. Hizo hazimdanganyi aliyesoma mpaka hapa.

Ngazi ya pili ni kofia halisi za watu wengine. Chile ilifundishwa na maofisa wa Kijerumani, ikanunua kofia huko huko Ujerumani, na mpaka leo kwenye gwaride la Septemba 19 kule Santiago wanafunzi wa chuo cha jeshi hupita na ncha zao na manyoya meupe. Bolivia, Kolombia, Sweden, wote waliwahi kuvaa au bado wanavaa. Kazi ya mikono ni ile ile, beji ndiyo tofauti, kwa hiyo mjanja hubadili beji tu. Polisi na zimamoto wa Kijerumani pia walikuwa na kofia za ncha, na mtaalamu wa kuunga huzigeuza kuwa za jeshi. Dawa ni ile ile: igeuze, hesabu matundu.

Ngazi ya juu ndiyo inayoumiza wazoefu: vitambaa vya kufunikia. Kuanzia 1892 askari akienda mazoezini au vitani aliivika kofia kitambaa cha rangi ya nyasi kavu ili isimetemete, mbele kimeandikwa namba ya rejimenti kwa nyekundu, na Agosti 1914 ikaamriwa namba hiyo iwe ya kijani. Herufi R mbele ya namba ni wa akiba. Kitambaa halisi ni adimu, mara nyingine hugharimu karibu sawa na kofia, na kitambaa ni rahisi kukichovya kwenye chai na kukianika juani. Mimi sinunui kitambaa kilichotenganishwa na kofia yake. Wengine hununua, na Mungu awasaidie.

Dada Mchumi

Na bei?

Mzee wa Gulio

Kofia ya askari wa Prussia, iliyotulia, inahesabiwa kwa mamia ya yuro. Ofisa huvuka elfu moja bila jasho. Za wapanda farasi za chuma zenye kisogo kirefu mfano wa mkia wa kamba (yule wa baharini), na zile za Garde du Corps, wapanda farasi walinzi wa mfalme, zenye tai mzima amesimama juu, tuwaachie wenye viwanda. Ukitaka kuziona bure au kwa kiingilio kidogo, nenda makumbusho ya jeshi ya Bavaria kule Ingolstadt. Nenda kabla hujanunua, simama mbele ya kioo mpaka mlinzi akushangae.

Mtu wa Muscat

Mkuu, kisheria huko Ujerumani huna shida kuuza na kununua vitu hivi? Nasikia wana sheria kali.

Mzee wa Gulio

Sheria kali ni ya alama za Hitler, kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai. Ndiyo maana gulioni utaona vitu vya miaka ile vimebandikwa karatasi kufunika msalaba wao. Tai wa Kaiser hayumo humo, Pickelhaube inauzwa mchana kweupe. Ila ukiivaa barabarani watu watakuwa na maswali, na mengine yatakuwa ya haki.

Kwa walio nyumbani Tanzania: kitu cha kale ukitaka kukitoa nje ya nchi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Bi Pangani, uliza kwanza kama hilo linakuhusu, endapo siku moja binamu wa Ulaya atakuja na begi tupu na tabasamu.

Bi Pangani

Binamu huyo tayari yupo, na ameshapiga simu 😄

Mtu wa Muscat

Na kuitunza? Huku kwetu Muscat joto halina mchezo, na kule pwani ya nyumbani kuna unyevu.

Mzee wa Gulio

Ngozi ya zamani ina maadui wawili, ukavu na unyevu, na wewe umewataja wote. Ukavu unaipunguza, mishono inachanika, vanishi inapasuka vipande vipande mfano wa tope la kiangazi. Unyevu unaleta ukungu na kutu ya kijani pale shaba inapogusana na ngozi. Weka mbali na dirisha, mbali na jiko, mbali na ukuta unaotoa jasho. Ndani jaza karatasi laini isiyo na asidi ili umbo lisilale. Usiitundike kwa mkanda, na usiukunje mkanda kujaribu kama bado ni laini: si laini, na utakatika.

Kiwi ya viatu, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, yote marufuku. Na brasso ndiyo adui wa tatu. Shaba ya ofisa imepakwa dhahabu nyembamba, ukisugua mara mbili unabaki na shaba tupu, na hiyo dhahabu hairudi. Vumbi litoe kwa brashi laini, basi.

Kigoma Reli

Wakuu, nimeingia mtandaoni kupima elimu yangu. Kuna jamaa anauza, tangazo linasema hivi: "Kofia ya ofisa wa Bavaria, vita ya Ufaransa na Prussia 1870, halisi, imetoka kwenye familia." Beji ina simba wawili, "In Treue fest" inasomeka. Kokadi mbili. Chini ya ukingo wa mbele ni kijani, nyuma nyekundu. Picha ya tumboni ipo ila ina giza. Bei imeanzia chini mno. Niingie?

Dada Mchumi

Kokadi mbili na mwaka 1870? Mzee wa Gulio si kasema ya pili ilikuja 1897?

Mwalimu Mstaafu

Na si hilo tu. Bavaria mwaka 1870 walikuwa bado na ile kofia yao ndefu yenye kishungi cha manyoya meusi kutoka mbele hadi nyuma. Ncha waliikubali 1886, miaka kumi na sita baada ya vita hiyo.

Mzee wa Gulio

Mmenimalizia kazi. Kofia yenyewe inaweza kuwa halisi kabisa, ya 1900 na kitu, na hadithi ndiyo feki. Kigoma, mwandikie muuzaji akutumie picha moja tu: sehemu ya ndani nyuma ya beji, taa imewashwa. Usimwambie kwa nini.

Kigoma Reli

Nimemwandikia. Amejibu kwamba bitana ni dhaifu sana na hawezi kuigusa kwa ajili ya kupiga picha. Mnada unafungwa saa mbili usiku.

Dada Mchumi

Bitana dhaifu, ila mdomo una afya njema. Kigoma, zima simu ukale.